Goma na Gisenyi: Historia ya Ushirikiano wa Miji Miwili ya Mwambao Mmoja

1. Utangulizi

Neno mwambao huwaletea wasemaji wengi wa Kiswahili picha ya Bahari ya Hindi: Mombasa, Tanga, Unguja na Lamu. Hata hivyo, neno hilo halikufungiwa kwenye maji ya chumvi. Ziwa Kivu nalo lina mwambao wake, na upande wa kaskazini mwambao huo umebeba mojawapo ya misongamano mikubwa ya watu katika eneo zima la Maziwa Makuu. Hapo imesimama miji miwili, Goma ya Kongo na Gisenyi ya Rwanda, iliyokaribiana hata mahali pengine nyumba za mji mmoja zinatazamana na nyumba za mji wa pili, mpaka wa nchi ukipita katikati.

Kongo haijahesabu watu wake tangu sensa ya mwaka 1984, na wakati huo Goma ulikuwa bado mji wa wakazi wasiofikia 100,000. Makadirio ya miaka ya karibuni huupa mji huo zaidi ya watu milioni moja. Upande wa pili, sensa ya Rwanda ya mwaka 2022 iliiandikia wilaya ya Rubavu, ambamo Gisenyi umo tangu mageuzi ya utawala ya mwaka 2006, zaidi ya watu 540,000. Umati huo wote umebanwa baina ya ziwa upande wa kusini na volkano ya Nyiragongo upande wa kaskazini. Ardhi ni chache, watu ni wengi, na maji ni ya wote.

Makala haya yanakusudia kujibu swali moja: imekuwaje miji miwili ambayo dola zake zimegombana na hata kupigana, iendelee kulishana, kuhifadhiana na kuelewana kwa muda wa zaidi ya karne moja? Jibu linalotetewa hapa ni kwamba ushirikiano wa Goma na Gisenyi ulitangulia mikataba, na ukaishi baada ya mikataba hiyo kulala. Mikataba ilifaa kila ilipokubali kuandika jambo ambalo watu walikuwa wakilitenda tayari. Iliposahau jambo hilo, ilibaki karatasi.

2. Kabla ya mpaka: biashara ya ziwani

Katika karne ya 19 Ziwa Kivu halikuwa ukuta baina ya watu. Mwanahistoria David Newbury, katika uchunguzi wake wa biashara ya ziwa hilo, alionyesha mtandao wa masoko uliounganisha milima ya magharibi, visiwa, na nchi za mashariki. Watembo na majirani zao walisuka vikuku vya nyuzi za mimea vilivyoitwa butega. Vikuku hivyo vilivushwa kwa mitumbwi na kubadilishwa kwa mifugo na vyakula, hata vikawa aina ya fedha ambayo watu wa lugha mbalimbali waliikubali. Watu wa Bugoyi, yaani nchi ambamo Gisenyi ulizaliwa baadaye, walijulikana sana katika biashara hiyo.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba biashara hiyo haikuhitaji mfalme mmoja wala lugha moja. Ilihitaji mahitaji yanayopishana. Magharibi palikuwa na kitu ambacho mashariki pamekikosa, na mashariki vivyo hivyo. Hali hiyo haijabadilika hadi leo, ingawa butega imekwisha kusahauliwa na bidhaa zimebadilika majina.

3. Vituo viwili vilivyochungana, 1894-1916

Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen aliivuka Rwanda kutoka mashariki, akafika Ziwa Kivu na kupanda Nyiragongo. Safari yake ilizusha shauri gumu, kwa kuwa ramani zilizochorwa Ulaya mwaka 1885 hazikuijua nchi hiyo. Dola Huru ya Kongo ilidai ni yake. Wajerumani nao wakadai ni yao. Kwa muda wa miaka zaidi ya kumi pande hizo mbili zilikaa katika mabishano, askari wa huku wakiwachungulia askari wa kule.

Katika mabishano hayo ndimo miji hiyo miwili ilimozaliwa. Wajerumani waliweka kituo chao Gisenyi, ambao maandishi yao yaliuita Kissenji. Wabelgiji wakaweka chao Goma, karibu kabisa, ili kuwakabili. Kwa hiyo miji inayojulikana leo kwa soko lake la pamoja ilianza kama vibanda viwili vya walinzi vilivyochungana. Mkutano wa Brussels wa mwaka 1910 ulikata shauri: kisiwa cha Idjwi na mwambao wa magharibi vilibaki kwa Ubelgiji, na mwambao wa mashariki kwa Ujerumani. Mwaka 1911 tume ya pande zote mbili ikapita uwanjani kuweka alama, na hati yake ikapewa jina la Goma.

Mstari huo haukufuata lugha, ukoo wala soko. Ulipokuja Vita Kuu ya kwanza, ukawa mstari wa mapigano. Mwezi Septemba 1914 Wajerumani waliteka Idjwi, na mpaka mwaka 1916 Gisenyi ulikuwa ngome yao mbele ya majeshi ya Kongo.

Kwa mwanaisimu kipindi hiki kina umuhimu wa pekee. Waliochungana mpakani walikuwa maadui, lakini Kiswahili kilikuwa kambini kwa wote wawili. Wajerumani walikileta kutoka pwani, kwa kuwa ndicho walichokitumia katika utawala wa Afrika ya Mashariki. Wabelgiji walikileta kutoka Maniema na nchi za mashariki ya Kongo, ambako misafara ya biashara ilikuwa imekisambaza katika nusu ya pili ya karne ya 19. Kiswahili basi kilifika Ziwa Kivu kwa njia mbili, kimoja cha pwani na kimoja cha bara, na vyote viwili vikakutana kwenye kizuizi cha Goma na Gisenyi.

4. Utawala mmoja na mpaka wa karatasi, 1916-1962

Baada ya kushindwa kwa Wajerumani, Rwanda na Burundi zilikabidhiwa Ubelgiji kwa jina la Shirika la Mataifa. Sheria ya Ubelgiji ya tarehe 21 Agosti 1925 iliunganisha utawala wa Ruanda-Urundi na ule wa Kongo. Mpaka haukufutwa, lakini ulipungua uzito. Faranga ya Kongo ilinunua ndizi Gisenyi kama ilivyonunua samaki Goma. Hifadhi ya Albert, iliyoanzishwa mwaka 1925 na kupanuliwa baadaye, ilishika volkano za pande zote mbili chini ya usimamizi mmoja. Ilipofika zamu ya uhuru, ikagawanywa kuwa hifadhi mbili.

Katika kipindi hicho hicho serikali ya kikoloni iliwahamisha watu. Tangu mwaka 1937 shirika lake la uhamiaji wa Banyarwanda lilipeleka makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda kwenda Masisi, magharibi ya Goma, kutafuta ardhi na kutumikia mashamba ya walowezi. Yafaa kusema wazi kwamba tendo hilo lilipanda mbegu mbili. Ya kwanza ni undugu: familia nyingi za mwambao zina jamaa pande zote mbili. Ya pili ni ugomvi wa ardhi na uraia, ambao ulikuja kuchipuka baada ya uhuru na kumwaga damu nyingi. Historia ya ushirikiano isiyotaja mbegu hii ya pili ingekuwa hadithi ya kuwapumbaza watoto.

Kongo ilijipatia uhuru tarehe 30 Juni 1960, Rwanda tarehe 1 Julai 1962. Mstari wa 1911, uliokuwa umelala kwa zaidi ya miaka arobaini, ukaamka na kuwa mpaka wa dola mbili zenye bendera, sarafu na forodha zake.

5. Jumuiya ya mwaka 1976

Tarehe 20 Septemba 1976, marais watatu, Mobutu Sese Seko wa Zaire, Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Michel Micombero wa Burundi, walitia sahihi mkataba wa Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, inayojulikana kwa herufi za Kifaransa CEPGL. Walitia sahihi Gisenyi. Makao ya katibu mkuu wa jumuiya yakawekwa Gisenyi, na benki yake ya maendeleo ikawekwa Goma. Msomaji atazame jambo hili kwa makini: viongozi wa nchi tatu walikubali kuwa kitovu cha ushirikiano wao kisiwe Kinshasa, Kigali wala Bujumbura, bali mwambao huu mmoja. Mtumishi wa jumuiya aliweza kutoka katika ofisi ya katibu, akafika kwenye mlango wa benki kwa miguu.

Jumuiya hiyo ilizaa vyombo kadhaa. Chuo cha utafiti wa kilimo kiliwekwa Gitega. Shirika la umeme la nchi tatu, SINELAC, likawekwa Bukavu ili kuendesha bwawa la Ruzizi ya Pili, kwenye mto unaotoa maji ya Kivu kuyapeleka Tanganyika. Mwaka 1985 mkataba mwingine ukaahidi uhuru wa watu na bidhaa kusafiri. Mkazi wa nchi moja akapewa hati nyepesi ya kuvukia kwenda nchi ya pili, na kwa watu wa miji ya mpakani kukawa na kikaratasi cha siku moja, ambacho wakazi walikiita kwa neno la Kifaransa jeton.

Katika vyombo hivyo vyote, ni vipi vilivyostahimili dhoruba ya miaka ya 1990? Benki ilizimika. Ofisi ya katibu mkuu ikanyamaza hadi ilipofufuliwa mwaka 2007. Lakini mitambo ya Ruzizi ya Pili iliendelea kuwagawia umeme watu wa nchi tatu, hata majeshi yao yalipokuwa yakipigana. Na kikaratasi cha siku moja nacho kiliendelea kupita mikononi mwa wachuuzi. Sababu si vigumu kuiona. Benki ilitegemea nia njema ya hazina tatu za serikali. Nia hiyo ilipokauka, nayo ikakauka. Umeme na kikaratasi vilitegemea haja ya kila siku ya kila upande, na haja haina likizo.

6. Majaribu matatu: 1994, 2002, 2021

Katikati ya Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, watu kati ya 500,000 na 800,000 walivuka kuingia Kivu ya Kaskazini kwa siku chache tu. Wengi walikuwa raia waliokimbia kwa hofu. Kati yao walikuwamo pia askari na wanamgambo waliotenda mauaji hayo. Ardhi ya mawe ya volkano haikuchimbika, si kwa vyoo wala kwa makaburi, na maji safi yalikuwa haba. Katika mwezi wa kwanza watu karibu 50,000 walikufa, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Goma, mji mdogo wakati huo, ulibeba mzigo ambao hakuna mji wowote ungeubeba peke yake. Wenye silaha waligeuza kambi za Mugunga, Kibumba na Katale kuwa ngome, na mwaka 1996 vita vikavuka mpaka kuingia Kongo. Vita vingine vikafuata mwaka 1998, Goma ukiwa makao ya waasi wa RCD walioungwa mkono na Rwanda hadi mwaka 2003.

Ndipo likaja jaribu la pili, nalo likaonyesha sura nyingine. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka. Mto wa moto ukashuka katikati ya Goma, ukaunguza karibu asilimia 13 ya mji pamoja na kitovu cha biashara, ukafunika sehemu ya njia ya ndege, ukaishia ziwani. Watu kati ya 300,000 na 400,000 walikimbia, wengi wao kuelekea Gisenyi. Wenyeji wa Gisenyi walipokea mji mkubwa kuliko mji wao. Walilala makanisani, mashuleni, barabarani na majumbani mwa jamaa. Baada ya siku chache tu wengi wakarudi, wakikanyaga mawe yaliyokuwa bado na joto, kwa kuwa hawakutaka kuwa wakimbizi mahali wanapopaona kutoka dirishani kwao.

Jaribu la tatu lilifika jioni ya tarehe 22 Mei 2021. Moto wa Nyiragongo uliteremka tena na kusimama kwenye viunga vya kaskazini vya Goma. Maelfu ya watu walivuka usiku huo kwenda Rwanda, na wengi wakarudi kesho yake. Matetemeko yaliyofuata yalipasua nyumba na barabara pande zote mbili, yasiulize ni upande gani wenye bendera gani. Tarehe 27 Mei serikali iliamuru mitaa kumi ya Goma ihamwe, na watu wakasambaa tena: Sake, Minova, Bukavu, na ng'ambo ya mpaka.

Majaribu haya yanafundisha kwamba hakuna mji kati ya hiyo miwili wenye njia kamili ya kujiokoa bila mwenzake. Goma ukiwaka, njia ya mashariki ni Gisenyi. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka: msaada wa mji mkuu hufika baada ya siku kadhaa, ule wa jirani hufika usiku ule ule. Tena hatari kubwa zaidi imelala chini ya maji. Ziwa Kivu limebeba karibu kilomita za ujazo 60 za gesi ya metani na kiasi kikubwa zaidi cha hewa ya ukaa. Rwanda imeanza kuifanya metani hiyo kuwa umeme, na kituo cha KivuWatt kilizinduliwa mwaka 2016. Lakini ziwa halikugawanyika kwa mstari wa 1911. Kosa la upande mmoja litawafikia wote.

7. Soko na kizuizi

Miji hii ina vivuko viwili vikuu: Grande Barrière, upande wa ziwa, kwa magari na wasafiri, na Petite Barrière, karibu na Birere, kwa watu wa miguu. Hiki cha pili, katika miaka kabla ya 2020, kilihesabiwa miongoni mwa vivuko vya miguu vyenye msongamano mkubwa kabisa barani Afrika, vikipitiwa na makumi ya maelfu ya watu kwa siku. Wengi wao ni wanawake. Kutoka Rwanda huja viazi, nyanya, mboga, maziwa, nyama na unga. Kutoka Kongo huenda vitenge, mafuta ya mawese, vipodozi na bidhaa za madukani. Baada ya kuvuka, mizigo hupandishwa chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili ambalo Goma umelijengea sanamu. Walemavu wenye baiskeli za magurudumu matatu wana nafasi yao maalumu katika biashara hiyo, kwa kuwa desturi iliwapa nafuu ya ushuru, na wafanyabiashara wenye miguu mizima wakawapa mizigo yao.

Sheria ilijaribu kuufuata mwenendo huu. Mfumo rahisi wa biashara wa COMESA, ambayo nchi zote mbili ni wanachama, uliwasamehe ushuru wa forodha wenye mizigo isiyozidi dola 500, bidhaa zikiwa katika orodha iliyokubaliwa. Hata hivyo, ushuru wa forodha ni mmoja tu kati ya malipo mengi. Mchuuzi asiyejua haki yake hulipa mara tatu: kwa mwenye karatasi halali, kwa mwenye karatasi isiyo halali, na kwa asiye na karatasi yoyote. Ndiyo sababu wengine huacha kivuko na kupita vichochoroni usiku. Magazeti ya Kinyarwanda huwaita abacoracora. Si wote wezi. Wengi ni watu ambao gharama ya kufuata sheria imezidi faida ya kikapu chao.

8. Lugha ya mdomo na lugha ya karatasi

Rwanda ilibadili lugha ya kufundishia kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza mwaka 2008. Kongo ikabaki na Kifaransa. Kwa hiyo karatasi za kizuizi kimoja huenda zikasomwa kwa lugha mbili za Ulaya, na mama mwenye ndoo ya nyanya asiijue hata moja. Lakini hakuna anayepatana bei kwa lugha hizo. Kwenye mlango wa Petite Barrière hupatanwa kwa Kiswahili na kwa Kinyarwanda, mara nyingi katika sentensi moja.

Kiswahili cha Goma si kile cha vitabu vya Zanzibar. Kimepunguza upatanisho wa ngeli, kimepokea maneno ya Kifaransa bila kuyaomba radhi, na kimekaa karibu na lugha za Kibantu za jirani. Walimu wengi wamekidharau. Hata hivyo, ndicho kilichofanya kazi ambayo Kiswahili sanifu hakikuifanya hapo: kimehesabu fedha tatu, yaani faranga za Kongo, faranga za Rwanda na dola, kimetangaza hatari, kimesuluhisha magomvi ya foleni. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 imekiweka Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Kongo ikaingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, ambamo Rwanda imo tangu 2007. Kwa sheria basi Kiswahili kina cheo pande zote. Kinachokosekana ni hatua moja ndogo: orodha ya ushuru na haki za mchuuzi iandikwe kwa Kiswahili cha kueleweka, ibandikwe kwenye kizuizi chenyewe. Lugha ya mdomo ikiingia katika karatasi, anayedai malipo ya uongo atakuwa na shahidi ukutani.

9. Saa za kufungwa

Thamani ya ushirikiano hupimwa vizuri siku unapokatika. Mwaka 2019 ugonjwa wa Ebola ulipofika Goma, Rwanda ilifunga mpaka tarehe 1 Agosti na kuufungua siku ile ile. Kunawa mikono na kupimwa joto vikachukua nafasi ya kufuli. Mwezi Machi 2020, kwa ajili ya korona, vivuko vilifungwa kwa watu wa miguu. Wafanyabiashara wakajiunga katika makundi, mizigo ya wengi ikivushwa na wachache. Mpango huo ulipunguza njaa, lakini uliwanyima wadogo kipato chao, kwa sababu wenye mtaji ndio waliotangulia kuingia katika makundi.

Mwezi Juni 2022, baada ya askari mmoja wa Kongo kuuawa kwa risasi kwenye Petite Barrière, Kongo iliamuru mpaka ufungwe saa tisa alasiri. Kwa ofisi, saa chache si kitu. Kwa muuza maziwa na nyanya, saa hizo ndizo safari ya pili ya siku, na safari ya pili ndiyo faida. Mwishoni mwa Januari 2025 vita vilifika mjini wenyewe: waasi wa M23 waliingia Goma, kama walivyokwisha kufanya kwa siku chache mwezi Novemba 2012. Maelfu walikimbilia Gisenyi, na mabomu yaliyovuka mpaka yaliua watu huko pia. Mabenki ya Goma yalipofungwa, wakazi walivuka kwenda Gisenyi kutafuta fedha zao wenyewe. Mwezi Juni mwaka huo mawaziri wa nchi mbili walitia sahihi mkataba wa amani mjini Washington, mbali sana na ziwa.

10. Hitimisho

Mifano ya mbali yaonyesha kwamba pwani yenye msongamano na mpaka katikati yaweza kupata chombo chake. Kwenye pwani ya Wabasque, Ufaransa na Hispania zilitia sahihi mkataba wa Bayonne mwaka 1995, ukaziruhusu mamlaka za wenyeji kuandikiana mikataba kuvuka mpaka. Miaka mitatu baadaye miji ya Irun, Hondarribia na Hendaye ikaunda shirika moja la huduma za pamoja. Tofauti kubwa si utajiri tu. Huko mameya walipewa ruhusa ya kuamua mambo ya mameya. Kwenye Ziwa Kivu, hata saa ya kufunga kizuizi haikuwa mikononi mwa mameya. Umoja wa Afrika ulipitisha mwaka 2014 mkataba wa ushirikiano wa mipakani, unaojulikana kwa jina la Niamey, wenye nia hiyo hiyo ya kuwapa wenyeji sauti. Haba na haba ya miji ingeweza kuanzia hapo: mpango mmoja wa kuhama volkano ikipasuka, maji, kipindupindu, gesi ya ziwa, na saa za soko.

Hakuna haja ya kuupamba ukweli. Mstari uliopitisha nyanya ndio uliopitisha bunduki, na undugu wa pande mbili haukuzuia mauaji. Watu wa mwambao huu hawashirikiani kwa sababu wamependana kuliko wengine. Wanashirikiana kwa sababu moto unatoka mlima mmoja, maji yanatekwa ziwa moja, na sufuria ya Goma haijai bila shamba la Rubavu, wala kikapu cha Rubavu hakiuziki bila mfuko wa Goma. Ushirikiano wa namna hiyo una mizizi mirefu kuliko ule wa hotuba, na ndio uliovuka kila vita tangu enzi za butega. Kazi ya dola ni kuupa sheria inayofanana nao. Na kazi ya wanaotafiti Kiswahili ni kuikusanya lugha ya kizuizi, neno kwa neno, kabla ya vita vingine kuwatawanya wanaoijua.